Sauti ya Saba ya Kwamboka

Nimefundisha muziki katika shule za huku kwetu kwa miaka thelathini na ushei, na kuna somo moja ambalo sikuwahi kulifundisha kwa utulivu. Ni somo la modi, yaani namna tofauti za kupanga ngazi ya sauti. Nilizoea kulipita haraka, kama mtu anayepita mbele ya lango la jirani aliyemkosea. Naandika ngazi ubaoni, do hadi do, nawaambia watoto kwamba kuna nyimbo ambazo sauti yake ya saba hukaa chini kidogo, kwamba hazikuharibika bali ndivyo zilivyozaliwa, kisha nafuta ubao na kwenda kwenye jambo jingine. Siku moja msichana fulani aliniuliza, "Mwalimu, sasa mtu atajuaje kama ni wimbo umezaliwa hivyo, ama ni yule anaimba ndiye hajui?" Nilimwamuru akae chini. Sikuwa mwalimu mkali, kwa hiyo darasa zima lilinishangaa.

Jumanne iliyopita simu ililia nikiwa jikoni, hapa Kisii mjini. "Anti, mimi ni Nyaboke, msichana wa Kwamboka wa Masimba. Mama ametuacha." Alizungumza polepole, kama watu wanavyozungumza wakiwa wamekwisha kupiga simu nyingi za namna hiyo. Wasifu wa mama yake ulikuwa unapelekwa kuchapishwa, na kila kitu kilikuwapo isipokuwa mwaka mmoja, ule wa kati ya kuondoka kwao Ekerenyo na kuolewa Masimba. "Tunajua tu mlikaa pamoja Daraja Mbili. Huo mwaka hakuwa anatuambia kitu. Ukikuja utuambie kidogo, tuandike." Nikasema nitakuja. Nilipokata simu nililia kwanza kwa sababu Kwamboka amekufa, halafu nikalia kwa sababu ya huo mwaka, na kilio cha pili kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza. Chai yangu iliganda utando juu.

Tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya soko la Daraja Mbili, katika nyumba ya Mama Zainabu, mjane Mwislamu aliyezaliwa hapo hapo mjini na aliyeuza vitambaa karibu na msikiti. Kitanda kimoja, jiko la makaa, kamba ya nguo iliyokatiza chumba, na dirisha lililotazama mahali ndizi zilikoteremshwa. Mimi nilikuwa nikijifunza kupiga taipu. Kwamboka aliuza mitumba ya watoto, na alirudi jioni akiwa na vumbi la nguo kwenye nyusi. Tulikula ugali wa wimbi na chinsaga, mboga yetu ya majani, iliyochemshwa mpaka uchungu ukaisha, na siku za baraka tukapata maziwa ya kuiungia. Aliniita Bosi, kwa kulifupisha jina langu, Bosibori, na kwa kunicheka pia, maana hakukuwa na mtu niliyekuwa bosi wake. "Bosi, leo umeleta chumvi ama umeleta stori?" Tulizungumza Kiswahili humo ndani, si kwa sababu tulikijua sana, bali kwa sababu ukuta kati yetu na Mama Zainabu ulikuwa wa mbao na hakupenda kusikia Kigusii kikipita bila kujua kama anasengenywa. "Semeni nisikie," alikuwa akisema kutoka upande wa pili. "Mkinisengenya, nisengenyeni kwa adabu."

Kwamboka hakuwa na cheti cha maana. Mama yake alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na kitu pekee alichokuja nacho mjini ambacho watu walikisifu ni sauti yake. Aliimba akikunja nguo, akiteka maji, akichambua mboga. Wimbo mmoja aliurudia kuliko zote. Mama yake aliuimba kumwita mama yake, na huyo naye aliuimba kumwita wa kwake. Ni wimbo ambao mtoto wa kike humwimbia mama aliyetangulia. Ni lazima nieleze jambo hapa kwa asiyejua Kigusii. Kwetu, baba ni tata. Mama ndiye huitwa baba. Kwa hiyo wimbo mzima ulikuwa ni kuita, "Baba, baba ee," na Mgusii yeyote akipita njiani angejua kwamba anayeimba amefiwa na mama.

Tuliimba katika kwaya ya kanisa moja la mjini. Kiongozi wetu alikuwa Mwalimu Mutinda, mwanamume mpole kutoka Ukambani, shati lake likiwa limepigwa pasi hata Jumatatu. Alitufundisha solfa, zile do, re, mi, kwa chati iliyochorwa kwenye karatasi ya manila, akigonga kila sauti kwa kijiti, na mfukoni alibeba kile chuma chenye meno mawili cha kupimia sauti. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake hodari. Niliipenda solfa kama wenzangu walivyopenda vijana wa besi. Jumamosi moja alimsikia Kwamboka akiimba kwenye bomba la maji nyuma ya kanisa, akasimama na daftari kifuani hadi mwisho. Jioni hiyo alitutangazia kwamba tumepata wimbo wa kwenda nao kwenye tamasha la kwaya. "Ndugu zangu, huu ni wimbo wa kumwita Baba!" akasema, uso ukimng'aa, na akafungua Biblia mahali alipokuwa amekwisha kuweka karatasi. Kijana mmoja wa teno, Onchari, alianza, "Mwalimu, huyo baba..." Mtu akamkanyaga mguu. Utamsahihishaje mwalimu mbele ya watu thelathini, tena akiwa na furaha kiasi hicho? Tulisema tutamwambia baadaye. Hakuna aliyemwambia. Chumbani Kwamboka alimwiga, mikono juu, "Baaaba wa mbinguni!" na tukacheka mpaka Mama Zainabu akagonga ukuta. Waswahili walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, nasi hatukujua kwamba hilo jipu lilikuwa letu.

Kazi ya kuuandika wimbo kwa solfa nilipewa mimi. Kwamboka alikaa kitandani akiimba, nami nikaandika kwenye manila sakafuni, nikifurahi kuona sauti zinakaa kila moja kwenye sanduku lake. Tulipofika mwisho, kwenye lile neno "baba" la mwisho kabisa, ambapo silabi ya kwanza hupanda kutoka la na ya pili hufika do, niliandika ti, do. Niliandika kabla hajamaliza. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kati ya la na do kuna ti, basi ti ndiyo niliyoisikia. Kwamboka hakuimba ti. Aliimba kitu kilichokaa chini yake, kikiwa kimetulia, halafu akaingia do bila haraka. Nikadhani amechoka.

Mwalimu Mutinda hakuchelewa kuligundua. "Dada Kwamboka, hapo mwisho unalegea. Panda kidogo." Akagonga chuma chake kwenye goti, akamwekea sikioni. Kwamboka akapanda, na alipopanda sehemu nyingine yote ya wimbo ikaporomoka, akapoteza maneno. Walirudia. Akarudi palepale chini. "Unasikia? Unashuka. Tunamwita Baba kwa furaha, dada, hatulii matanga." Nilimtazama Kwamboka na Kwamboka akanitazama, na mara ya kwanza tulikaribia kucheka. Mara ya kumi hatukucheka. Wiki tatu mfululizo kwaya ilisimama ikimngojea kwenye silabi moja, na nikaanza kuwasikia alto wakivuta pumzi ya kuchoka kabla hajafungua kinywa. Nyumbani alikuwa akiimba chini kwa chini, akiwa amejifunika leso kichwani ili mimi nisisikie. "Bosi, niambie ukweli," aliniambia tukila. "Mimi nasikia niko sawa kabisa. Mwalimu anasema niko chini. Watu wote wanasema niko chini. Sasa hii sikio yangu imekufa ama?" Nikamwambia ajaribu tu, atazoea. Nilimwambia hivyo nikiwa na tonge mdomoni.

Jumapili moja baada ya ibada Mwalimu Mutinda alituita sote wawili kando. Alikuwa na huzuni, na sitamnyima hilo. Alisema Mungu humpa kila mtu kipawa chake, kwamba Kwamboka ana sauti tamu lakini hana sikio, na kwamba mimi ndiye nitakayekuwa soloisti. Kwamboka atarudi alto. Nilisema, "Asante, Mwalimu," na nikajisikia nikifurahi. Sijawahi kuliandika hilo mahali popote. Nilifurahi kabla ya kumhurumia. Tulipofika sokoni Kwamboka akaanza kunifundisha jinsi ya kulitamka neno fulani ambalo nilikuwa nikilibana, akinirudisha mara mbili tatu. "Imba poa, Bosi. Ni ya mama hiyo." Alininunulia mua.

Mama Zainabu ndiye aliyelisema. Kwamboka alikuwa sokoni, nami nilikuwa nikifua uani, nikijizoeza solo yangu. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mchele.

"Mbona umewekewa wimbo wa mwenzio?" akaniuliza.

"Yeye anakosea mwisho, Mama. Anashuka."

"Anakosea?" Akaweka ungo magotini. "Mwanangu, mimi muziki sijasoma. Lakini nimelala nyuma ya ukuta huu miezi minane. Mtu anayekosea hukosea leo hivi, kesho vile. Huyu hutua palepale kila siku, akiwa na njaa, akiwa na mafua, akiwa analia. Palepale. Hilo ni kosa la namna gani?"

Nilicheka kidogo, nikamwambia kwamba mambo ya solfa ni marefu. Akaokota punje ya jiwe kwenye mchele, akaitupa kwa kuku, na hakurudia tena.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya kufagia kanisa. Kulikuwa na kinanda cha kukanyaga, na Mwalimu aliniruhusu kukigusa. Nilianza kwenye do, nikapanda kwenye vitufe vyeupe mpaka la, kisha badala ya kwenda kwenye ti nikabonyeza kile cheusi kilicho kati yao. Hapo nikamsikia Kwamboka. Nitajaribu kueleza nilichokielewa mchana ule, na nitakieleza taratibu, maana wanafunzi wangu sikuwatendea haki. Kutoka do hadi do ya juu unapanda hatua saba. Tano ni nzima, mbili ni nusu. Katika ngazi tuliyofundishwa, nusu hatua ziko kati ya mi na fa, na kati ya ti na do. Ti imekaa mlangoni kabisa mwa do. Ukifika hapo huwezi kusimama, lazima uingie. Lakini katika wimbo wa Kwamboka ile nusu hatua ya pili ilikuwa imehama, ikawa kati ya la na sauti ya saba, ambayo kwenye solfa huitwa ta. Ta iko hatua nzima kutoka do. Hailazimiki kuingia. Inaweza kusimama nje ikaita, na ikingoja, inangoja. Wanaosoma muziki huiita modi hiyo Miksolidia, jina ambalo nilikuja kulijua chuoni, na nilipolisoma nilifunga kitabu.

Mchana ule sikujua jina, lakini vidole vilikuwa vimeshapata njia. Mwalimu alikuwa ametupangia mwisho wa wimbo kwa kodi mbili, yaani mafungu mawili ya sauti tatu tatu zinazolia kwa pamoja. Ya kwanza ni so, ti na re zikiimbwa pamoja, ambayo inasukuma. Ya pili ni do, mi na so, ambayo inapokea. Niliweka ta mahali pa ti, na ile kodi ya kwanza ikanyong'onyea, haikusukuma popote, nikaelewa kwa nini Kwamboka alimharibia Mwalimu mpango wake kila mara. Basi nikaacha so, nikajaribu ta, re na fa. Halafu do, mi, so. Nikarudia. Wimbo uliingia nyumbani bila kusukumwa na mtu, kwa huzuni yake yote, na kila sauti niliyokuwa nimeiandika kwenye manila ikakaa sawa chini yake. Hakukuwa na kosa lolote ndani yake. Kosa lilikuwa langu, nililoliandika kabla mwenzangu hajamaliza kuimba. Kitu kimoja tu hakikukubali: ta ya kinanda haikuwa hasa ta ya Kwamboka. Yake ilikuwa juu ya kile kitufe cheusi kwa kiasi cha unywele, mahali pasipo na kitufe, na kila nilipobonyeza nilijua inakaribia tu. Nilijiambia siku moja nitamwomba aniimbie taratibu, niishike vizuri.

Tamasha lilikuwa limebaki majuma mawili. Ningeweza kumwendea Mwalimu Mutinda na kumwambia mambo mawili tu, kwamba baba ni mama, na kwamba ti ni ta. Alikuwa mtu wa kusikia. Nina hakika angeshika kichwa, angecheka, angemrudisha Kwamboka mbele na kupanga kodi upya. Lakini kanzu ya soloisti ilikuwa imekwisha kupimwa mwilini mwangu, na Mwalimu alikuwa ameahidi kuniandikia barua ya kuniombea nafasi chuo cha ualimu. Nilikifunika kinanda, nikamalizia kufagia. Jioni Kwamboka alikuwa amepika ndizi, na akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikasema vumbi la kanisa limeniingia kooni.

Tulishinda. Niliimba ti nzuri, safi, iliyopanda kama Mwalimu alivyotaka, na ukumbi ukapiga makofi kabla hatujamaliza. Jaji alisema tumemsifu Baba kwa furaha ya kweli. Nilipogeuka kuinama pamoja na wenzangu nilimwona Kwamboka kwenye mstari wa alto, kinywa kikiwa bado wazi kwa umbo la neno la mwisho, na nikatambua kwamba hapakuwa na sauti iliyokuwa ikitoka. Hakuimba hata silabi. Alikuwa akifungua mdomo tu ili asituharibie. Baadaye alinikumbatia kwa nguvu, akasema, "Umeona sasa? Hivyo ndivyo ilitakiwa." Mwisho wa mwaka barua yangu ya chuo ilikuja, na yeye akaolewa Masimba. Tulikutana mara mbili tu baadaye, mara moja sokoni na mara moja hospitalini, na mara zote mbili nilikuwa na maneno mdomoni. Sokoni alikuwa na haraka. Hospitalini mimi ndiye niliyesema nina haraka.

Jana nilikwenda Masimba. Ni leo anapozikwa, na ninayaandika haya alfajiri kabla ya kurudi huko. Hema lilikuwa limekwisha kusimamishwa, wanawake wakimenya ndizi chini ya mparachichi, na Nyaboke alinipeleka kwenye chumba cha mama yake, akaketi kitandani na daftari lake. Ana nyusi za Kwamboka. Nikamweleza yote, tangu manila hadi kinanda hadi ukumbini, na sikujitetea. Aliandika mistari michache, kisha kalamu ikasimama.

"Anti, sisi tulikuwa tunamcheka," alisema. "Kanisani alikuwa anafungua tu mdomo. Alituambia hana sikio, akaambia kila mtu. Hata mtoto wangu akilia, alikuwa ananirudishia. 'Mwimbie wewe, mimi nitamharibu.' Sijawahi sikia mama akiimba. Hata siku moja."

Nilishika mkono wake, naye hakuuondoa, lakini hakuufunga kwenye wangu. Nje mtu alikuwa akiulizia sufuria kubwa. Nyaboke alifuta macho kwa kiganja, akaweka daftari pembeni.

"Kesho mimi ndiyo wa kumwita," akasema. "Niimbie hiyo wimbo, nishike."

Nikaimba. Maneno yote yalikuja, hata lile nililokuwa nikilibana, na nilipofika kwenye baba ya mwisho koo langu likapanda lenyewe kwenye ti, kama lilivyofanya ukumbini, kama nilivyolizoeza. Nikasimama. Nikaanza tena, safari hii nikiwa mwalimu, nikihesabu nusu hatua, nikaipata ta, ile ya kitufe cheusi, sahihi kabisa kwa mujibu wa kitabu. Nyaboke alinirudishia zote mbili moja baada ya nyingine, akiwa amefumba macho, bila kuongeza wala kupunguza chochote. Sikio zuri namna hiyo nimelipata kwa wanafunzi wachache mno.

"Sasa ya mama ni gani kati ya hizo?" akaniuliza.

Nikamwambia si hata moja.